Je, Wajua? Alama Kabla ya Mtihani

Kila Aprili, timu 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni. Kwa kawaida timu iliyofanya vibaya zaidi huanza, bingwa hungoja mwisho wa foleni. Shughuli hiyo huitwa drafti. Hakuna kijana aliyekwisha kucheza dakika moja ya mpira wa kulipwa, lakini wachambuzi hawalali kabla ya kuzigawia timu alama, kuanzia A mpaka F.

Je, wajua kwamba mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa hakuwahi kucheza NFL? Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago alichaguliwa na Philadelphia Eagles Februari 1936. Eagles waliona dau lake hawaliwezi, wakawaachia Chicago Bears, nao wakashindwana naye. Berwanger akaenda zake kuuza sponji. Na huo utaratibu wa wabovu kuchagua kwanza ulipendekezwa na nani? Bert Bell, mwenye timu ya Eagles, ambayo msimu wa 1935 ilishinda mechi mbili tu. Mtaani tungesema amejipigia debe.

Je, wajua kwamba wachumi nao wameichunguza drafti? Cade Massey na Richard Thaler, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, walitazama iwapo mchezaji aliyechaguliwa mapema humzidi yule anayemfuata katika nafasi ileile uwanjani. Humzidi, mara 52 kati ya 100. Ukirusha shilingi hewani unapata 50 bila kumlipa msaka vipaji yeyote.

Mwaka 1999 mashabiki wa Eagles walisafiri hadi New York, kwenye drafti, kumshangilia Ricky Williams, mkimbiaji hodari kutoka Texas. Timu yao ikamchagua Donovan McNabb, naye akapanda jukwaani akipokewa kwa kelele za kuzomewa. McNabb ndiye aliyewafikisha Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya Februari 2005. Williams je? New Orleans Saints walitoa chaguo zao zote za mwaka huo, wakaongeza la raundi ya kwanza na la tatu la mwaka 2000, ili wampate yeye peke yake. Kocha Mike Ditka na Williams wakapigwa picha ya jalada la jarida, Ditka kavaa suti, Williams kavaa gauni la harusi. Saints walishinda mechi tatu, wakapoteza 13. Ditka alifukuzwa kabla gauni halijasahaulika.

Je, wajua kwamba timu inaweza kupitwa na zamu yake? Minnesota Vikings mwaka 2003 walikuwa wa saba. Walikuwa na dakika 15, wakazitumia kupatana bei na Baltimore Ravens, waliotaka nafasi hiyo wamchukue Byron Leftwich. Leftwich alikuwa kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Saa ikaisha. Jacksonville Jaguars wakachomoka na kumnyakua Leftwich, Carolina Panthers nao wakachagua, na Vikings wakaangukia nafasi ya tisa huku nchi nzima ikiwacheka. Walimchukua Kevin Williams, akawa mmoja wa walinzi bora wa ligi kwa miaka mingi. Ravens, baada ya kumkosa waliyemtaka, wakamchagua wa kumi Terrell Suggs, aliyetwaa tuzo ya mlinzi bora wa mwaka 2011. Leftwich aliachwa na Jaguars kabla ya msimu wa 2007. Waliochekwa ndio waliopata.

Tom Brady, kwotabeki aliyekuwa chaguo la 199 mwaka 2000, kila mtu anamjua na sifa wanapewa New England Patriots. Kinachosahaulika ni kwamba Patriots haohao walichagua wengine sita kabla yake. Kama walijua, walijua kuficha.

Seattle Seahawks, 2012: baadhi ya wachambuzi waliwapa F. Miongoni mwa waliowachagua ni mlinzi Bobby Wagner, na Russell Wilson, kwotabeki ambaye hakufika futi sita. Februari 2014 waliichapa Denver Broncos 43 kwa 8 katika Super Bowl.

Je, wajua kwamba mjukuu wa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda alichaguliwa raundi ya kwanza? Benedicto Kiwanuka, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, aliuawa na utawala wa Idi Amin mwaka 1972. Mjukuu wake, Mathias Kiwanuka, alizaliwa Indianapolis, na mwaka 2006 New York Giants walimchukua akiwa wa 32. Hapo ndipo ubishi unaponoga. Giants walikuwa na zamu ya 25, wakawauzia Pittsburgh Steelers na kulipwa ya 32 pamoja na chaguo moja la raundi ya tatu na moja la nne. Kwa muda mrefu timu nyingi zimepima biashara ya namna hii kwa jedwali lililotokana na Dallas Cowboys wa kocha Jimmy Johnson, ambalo chaguo la kwanza lina pointi 3,000 na la 32 lina 590. Kwa jedwali hilo Giants walifaidi kidogo.

Lakini Steelers walimchukua Santonio Holmes. Februari 2009, zikiwa zimebaki sekunde 35 Super Bowl iishe, Holmes alidaka mpira kwenye kona ya uwanja akiwa amezungukwa na walinzi watatu, mikono juu, ncha za vidole vya miguu zikigusa nyasi kwa shida. Kombe. Mwaka uliofuata Steelers walimtoa kwa chaguo la raundi ya tano, wakati Kiwanuka alibaki Giants mpaka 2014 na kuvaa pete mbili za ubingwa, ingawa ya kwanza ilimkuta na mguu uliovunjika. Mimi bado nasema Steelers. Kombe moja mkononi lapita miaka tisa ya utumishi mwema, na anayebisha namngoja.

Na je, wajua kilichotokea Indianapolis Colts walipompuuza mchambuzi? Mwaka 1994 Mel Kiper aliwasuta kwenye televisheni kwa kumchagua mlinzi Trev Alberts na kumwacha kwotabeki Trent Dilfer. Meneja wao, Bill Tobin, akamjibu hewani kwa ghadhabu. Alberts alimalizwa na majeraha baada ya misimu mitatu. Mwaka 1997 Colts wakashika mkia, ndipo wakapewa chaguo la kwanza la 1998: kwotabeki Peyton Manning. Tobin alikuwa ameshafukuzwa tangu Desemba.