Kiwanda cha Changamwe na Mafuta Yasiyokuwa Yake

Kila bei ya petroli inapopanda nchini Kenya, hurudi madai kwamba kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kikifufuliwa, mafuta yatakuwa nafuu. Madai hayo hayana msingi. Kiwanda hicho, kilichoasisiwa na Shell na BP mwaka 1960 na kuanza kazi mwaka 1963, kwa sehemu kubwa ya uhai wake hakikumiliki hata pipa moja la mafuta kiliyoyasafisha, bali kilifanya kazi kwa ujira: kampuni za mafuta ziliagiza mafuta ghafi kwa fedha zao, zikalipa ada ya kusafishiwa, kisha zikachukua mazao yake na kuyauza zenyewe.

Umiliki wenyewe haukuwa na fumbo. Serikali ilinunua nusu ya hisa mwaka 1971, na nusu ya pili, iliyokuwa mikononi mwa Shell, BP na Chevron, ikanunuliwa na Essar ya India mwaka 2009. Usafishaji ulisimama mwaka 2013, Essar ikajiondoa.

Sababu ya usafishaji kusimama iko ndani ya mtambo, wala si katika njama za wageni zinazosimuliwa vijiweni. Mafuta ghafi hupashwa moto katika tanuri hadi nyuzi 350 hivi za Selsiasi, yakaingizwa katika mnara mrefu ambamo mvuke hupanda ukipoa hatua kwa hatua, kila zao likajitenga kwa kimo chake: gesi ya kupikia na nafta, ambayo ndiyo hutengenezewa petroli, hutoka juu, mafuta ya taa na ya ndege hufuata, kisha dizeli, na chini kabisa hubaki masazo meusi, mazito, ya kuchomwa katika tanuri za viwanda au kutengenezewa lami. Viwanda vya kisasa huyavunjavunja masazo hayo yakawa petroli na dizeli, lakini Changamwe haikuwa na mtambo wa kuyavunja, kwa hiyo sehemu kubwa ya kila pipa iliishia kuwa mafuta mazito, ambayo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko mafuta ghafi yenyewe, na hasara hiyo ilibidi ilipwe na mtu.

Wanaotaja mafuta ghafi ya Turkana kama suluhisho husahau kwamba yana nta nyingi na huganda yakipoa, ndiyo maana yalibebwa kutoka Lokichar kwa matangi yanayohifadhi joto hadi Changamwe, ambako yalihifadhiwa tu, bila kusafishwa, kabla ya shehena ya kwanza kuuzwa ng'ambo Agosti 2019. Hata yangesafishwa hapo, mwenye nayo angedai bei ya soko la dunia.