Stetimenti Zilizopotea Kati ya Sebule na Chumba cha Kijana

Mteja wetu mmoja, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kitengela, alitupigia simu Jumanne moja ya mwezi wa Julai akiwa na haraka. Sacco yake ilitaka taarifa za miamala ya till, au stetimenti kama wengi wetu tunavyoziita, za miezi sita. Zisipofika kabla ya Ijumaa, ombi lake la mkopo wa kuongeza mabati dukani lingesubiri mwezi mwingine. Yeye alikuwa na tatu tu: za Januari, Machi na Aprili. Za Februari, Mei na Juni hazikuonekana popote.

Tuliangalia upande wetu. Zote sita zilikuwa zimetumwa, na seva ya barua pepe yake ilikuwa imezipokea. Tukazituma tena zile tatu tukiwa bado tunaongea naye. "Ngoja kidogo, zitaingia," tukamwambia. Baada ya nusu saa akapiga tena. Hakuna kitu.

Safari hii sauti yake ilikuwa imebadilika. Nyumbani anaishi na mpwa wake, mtoto wa kaka yake, anayemsaidia kuuza na kuweka hesabu za duka. Kijana ana laptopu yake, na nenosiri la barua pepe ya duka analijua. "Sasa mimi nifikirie nini?" mama akatuuliza. "Ni nani mwingine anaweza kuzifuta? Na mbona azifute kama hakuna kitu anaficha?"

Tumeomba ruhusa yake kusimulia yaliyofuata, bila jina, kwa sababu nyumba zenye kompyuta mbili na barua pepe moja ya biashara ni nyingi. Huenda yako ni mojawapo.

Mnaisomea wapi?

Mhudumu wetu alianza na swali rahisi: "Mama, hiyo imeli mnaisomea kwa kompyuta ngapi?"

Mbili. Kuna kompyuta ya mezani sebuleni, yenye programu ya Thunderbird. Na kuna laptopu ya kijana chumbani, yenye programu hiyo hiyo, anwani hiyo hiyo ya duka, na waifai ile ile ya nyumba.

Tukamwomba aiache programu kando na aingie kwenye barua pepe yake kupitia kivinjari, kwenye ukurasa wa kampuni inayomhifadhia anwani ya duka. Sanduku lilikuwa karibu tupu. Anwani imetumika miaka minne, lakini ndani mlikuwa na barua mbili tu, zote za asubuhi ile.

Hapo tukaanza kuelewa. Kama kuna mtu aliyekuwa akifuta stetimenti ili kuficha jambo, angefuta stetimenti. Asingefuta pia barua za wauzaji wa saruji, matangazo ya rangi na salamu za Krismasi za miaka minne. Kitu fulani kilikuwa kikichukua kila barua, bila kubagua.

Kitu hicho kinaitwa POP3.

Ufunguo mmoja wa sanduku la posta

Programu ya barua pepe inaweza kuzungumza na seva kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni POP3. Fikiria sanduku la posta la familia. Anayefika posta kwanza anafungua, anabeba barua zote hadi nyumbani na kuacha sanduku tupu. Anayekuja baadaye hapati kitu, na hawezi kujua kama barua zilikuwepo. POP3 hufanya hivyo isipokuwa umeiambia iache nakala kwenye seva.

Njia ya pili ni IMAP. Hapa barua hubaki kwenye seva. Kila kompyuta inaonyeshwa zile zile, na ukisoma barua kwenye moja, nyingine pia inajua imesomwa. Njia hii si ngeni. Ilibuniwa mwaka 1986. Ila akaunti nyingi za zamani bado zimewekwa kwa POP3, kwa sababu fundi aliyeziweka alidhani kompyuta itakuwa moja milele.

Katika nyumba ya mteja wetu, programu zote mbili zilikuwa kwa POP3, na hakuna iliyoacha nakala. Ya sebuleni iliangalia barua mpya kila baada ya dakika 30. Ya kijana, kila baada ya dakika 5. Laptopu ikiwa imewashwa, ndiyo iliyofika "posta" kwanza karibu kila mara. Ikiwa imezimwa, barua ziliingia sebuleni. Ndiyo maana mama alipata za Januari, Machi na Aprili, akakosa nyingine.

Na zile tulizotuma tena? Laptopu ilikuwa imewashwa. Zilidakwa kabla ya kompyuta ya sebuleni kuamka.

Mama akamwita kijana kutoka chumbani huku sisi tukiwa bado kwenye simu. Tulimsikia akisema, "Shangazi, hizi hapa. Zote. Za Februari pia." Hakuwa amezificha. Alidhani shangazi yake naye anazo, kwani si anwani ni moja?

Wazo zuri lenye hatari

Kijana akapendekeza suluhisho ambalo wengi hulifikiria: folda yote ya Thunderbird iwekwe kwenye kompyuta ya sebuleni, ishirikishwe kupitia waifai ya nyumba, na laptopu iifungue kutoka huko. Sanduku moja, kompyuta mbili.

Tulimwomba asifanye hivyo. Thunderbird hufunga folda yake kwa faili maalum ili mtu mwingine asiiguse wakati inatumika. Ukijaribu kuifungua mara mbili, utaambiwa programu tayari iko wazi lakini haijibu. Wengine hufuta faili hiyo ya kufuli kwa nguvu, wakafanikiwa kuifungua pande zote mbili. Hapo programu mbili zinaandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja, na orodha ya barua inaharibika. Utaona barua zisizo na kichwa, au ukibofya barua moja inafunguka nyingine.

Kwa wanaotumia Outlook onyo ni lile lile. Faili yake ya PST haikuundwa kufunguliwa kupitia mtandao, na Microsoft yenyewe inashauri isiwekwe kwenye folda ya pamoja. Waifai ikikatika katikati ya kuandika, au stima ikipotea na ruta ikazimika, faili inaweza kuharibika.

Kinachofaa kushirikiwa ni seva. Kila kompyuta ibaki na faili zake kwenye diski yake.

Tulivyorekebisha

Kazi ilichukua jioni moja. Ukitaka kufanya hivyo kwako, fuata mpangilio huu na usiruke hatua ya kwanza.

1. Funga programu kwenye kompyuta zote, kisha nakili folda yake nzima kwenye flashi au diski ya nje. Ukikosea mbele, utarudi hapa.

2. Uliza kampuni inayokuhifadhia barua pepe nafasi uliyonayo kwenye seva. Barua za miaka minne zenye picha za mabati na bei zake zinaweza kujaza sanduku dogo, na sanduku likijaa, barua mpya hurudishwa kwa aliyetuma.

3. Zima POP3 isiendelee kubeba. Katika Thunderbird fungua mipangilio ya akaunti, nenda "Server Settings", na uweke alama kwenye "Leave messages on server". Ondoa pia alama zinazoiamuru ifute barua baada ya siku kadhaa. Fanya hivyo kwenye kompyuta zote.

4. Ongeza akaunti mpya ya anwani hiyo hiyo, na uchague IMAP. Akaunti ya POP3 haibadilishwi kuwa IMAP. Lazima uanzishe nyingine kando yake. Poti ya kawaida ya IMAP iliyo salama ni 993, na ya kutuma barua ni 587 au 465.

5. Nakili barua za zamani kutoka akaunti ya POP3 kwenda kwenye folda za akaunti ya IMAP, kidogo kidogo. Nakili, usihamishe. Fanya hivyo kutoka kila kompyuta, maana kila moja ina nusu ya historia.

6. Ingia tena kupitia kivinjari. Ukiziona barua huko, zimefika kwenye seva. Ni hapo tu unapoweza kuondoa akaunti ya zamani.

Jambo moja la kukumbuka: kwenye IMAP, barua ikifutwa chumbani, inafutika sebuleni pia. Kwa hiyo stetimenti za biashara zihifadhi pia nje ya barua pepe, kwenye folda ya kila mwaka, na nakala kwenye flashi.

Kabla ya kumlaumu mtu

Si kila barua inayokosekana imebebwa na POP3. Haya ndiyo tunayowaomba wateja waangalie kwanza:

Anza na kivinjari kila mara. Barua ikionekana huko na isionekane kwenye programu, shida iko kwenye kompyuta yako. Isipoonekana huko, angalia folda ya barua taka, kisha kompyuta na simu nyingine zenye anwani hiyo.

Angalia tarehe na saa ya kompyuta. Mashine nyingi za mtumba zina betri ndogo ya ndani iliyokwisha, na kila stima ikipotea zinarudi mwaka wa zamani. Programu ikilinganisha cheti cha usalama cha seva na tarehe hiyo, hulalamika kuhusu cheti hicho na kukataa kuungana. Rekebisha saa kabla ya kugusa kitu kingine.

Kama ni akaunti ya Gmail na programu ya zamani inakataa nenosiri unalojua ni sahihi, huenda si wewe uliyekosea. Tangu mwaka 2022, Google haikubali programu zinazoingia kwenye akaunti za kawaida kwa jina na nenosiri la kila siku pekee. Tumia toleo jipya la programu, litakalokupeleka kwenye ukurasa wa Google uingie hapo.

Kama folda inaonyesha barua zilizochanganyika, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha "Repair Folder". Thunderbird itaipanga orodha upya. Barua zenyewe haziguswi kwa kawaida, lakini weka nakala kwanza.

Na pesa zako je?

Barua pepe ikisumbua, hakuna hata shilingi iliyotoka kwenye till yako kwa sababu hiyo. Stetimenti ni nakala ya kumbukumbu. Kumbukumbu yenyewe iko kwetu. Unaweza kuiomba tena wakati wowote, na kila muamala umeshatumiwa ujumbe wa simu.

Hatari iko penye haraka. Mtu anayehitaji stetimenti kabla ya Ijumaa ni rahisi kumwamini yeyote anayejitolea kusaidia. Akikupigia mtu akisema ni mhudumu wetu na kukuomba uweke programu ya kumwezesha kuona kompyuta yako akiwa mbali, kata simu. Akikuomba PIN, kata simu. Sisi tulimsaidia mama huyu kwa maneno tu: yeye na kijana ndio walioshika kipanya.

Tulimshauri pia abadilishe nenosiri la barua pepe ya duka na amfungulie kijana anwani yake mwenyewe. Hatukusema hivyo kwa sababu ya shaka. Watu wawili wakitumia jina moja na nenosiri moja, siku kitu kitakapopotea hakuna anayeweza kuonyesha kwamba si yeye. Kila mtu akiwa na mlango wake, hata asiye na hatia analindwa.

Stetimenti zote sita zilifika sacco siku ya Alhamisi. Lakini kabla ya kukata simu mama alituambia kitu ambacho hatukuwa tumekijua. Katika ile nusu saa kati ya simu yake ya kwanza na ya pili, alikuwa ameshampigia kaka yake kumweleza kwamba mtoto wake anaiba. Sasa ilibidi ampigie tena. Hiyo, alisema, ilikuwa simu ngumu kuliko zote alizopiga wiki ile.

Kwa hiyo stetimenti ikikosekana, tupigie sisi kwanza. Tutakuuliza mnaisomea kwa kompyuta ngapi.