Rekodi za Kamera za Majini, na Ipi Inamfaa Mtu wa Snokeli

Mtu anayekwenda Mnemba, Chumbe au Kisite na miwani yake ya kuzamia na snokeli hukaa usoni mwa maji karibu muda wote. Akipenda kushuka huvuta pumzi moja, hupiga mbizi mita mbili au tatu, hutazama, hurudi juu. Natangulia kusema hivyo kwa sababu watengenezaji wa kamera za majini hushindana kwa kina: huyu mita 15, yule 31, mwingine 60. Anayenunua kwa kufuata namba hiyo peke yake analipia maji ambayo hatayafikia. Zipo rekodi nyingine zenye faida kubwa zaidi kwake, na ndizo nilizozikusanya hapa pamoja na zile za kihistoria. Kila moja nimeipima kwa swali moja: inamsaidia nini anayeelea juu ya mwamba wenye maji ya mita nne?

Za kwanza

Mwaka 1856 William Thompson alitia kamera kwenye sanduku, akaishusha kutoka kwenye mashua hadi chini ya ghuba ya Weymouth, kusini mwa Uingereza. Maji yaliingia sandukuni. Bahati njema bamba la kioo lililobeba picha lilinusurika, likatoa taswira hafifu ya mawe na mwani. Kwa hiyo picha ya kwanza kupigwa chini ya bahari ilitoka kwenye kamera iliyovuja, na hadi leo maji yanayopenya ndiyo yanayoua kamera nyingi za wanaokwenda ufukweni.

Aliyeingia mwenyewe majini na kamera akafanya kazi ya maana ni Mfaransa Louis Boutan, kuanzia mwaka 1893, huko Banyuls-sur-Mer. Picha moja iliweza kudai dakika 30, na kwa muda wote huo kamera ilitakiwa itulie. Kwa kuwa mwanga ulikuwa haba, yeye na wenzake walibuni taa ya ajabu: pipa lililojazwa oksijeni, juu yake taa ya spiriti iliyopuliziwa unga wa magnesi ukalipuka kwa mwako mweupe. Mwaka 1899 alimpiga picha mwanabiolojia wa Romania, Emil Racoviță, akiwa chini ya maji, na picha hiyo inahesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa za mtu akiwa chini ya bahari.

Rangi zilisubiri hadi 1926, kwenye visiwa vya Dry Tortugas, Florida. Mwanasayansi William Longley na mpigapicha Charles Martin wa National Geographic walielekeza kamera yao kwa samaki, na juu ya maji wakalipua karibu nusu kilo ya unga wa magnesi kwenye chelezo ili mwanga ufike chini. Ilikuwa kazi ya hatari. Mlipuko mmoja ulimuumiza Longley vibaya. Tatizo walilokuwa wanapambana nalo ni lile lile linalomkabili anayepiga picha Kisite leo, nalo ni mwanga. Kina ni jambo la pili.

Ya kina kirefu zaidi

Kamera ya filamu iliyoitwa Calypso, iliyobuniwa na Mbelgiji Jean de Wouters kwa ajili ya Jacques Cousteau, ilichukuliwa na Nikon mwaka 1963 ikaitwa Nikonos. Haikuhitaji kasha, mwili wake wenyewe ulizuia maji hadi mita 50. Mwaka 1992 ikaja Nikonos RS, ya kufika mita 100. Nikon iliacha kutengeneza ukoo huo mwaka 2001, na kamera ndogo za dijitali zilizofuata hazijakaribia kina hicho. Panasonic Lumix FT7 ya mwaka 2018 inakwenda mita 31 bila kasha, moja zaidi ya Nikon Coolpix W300. SeaLife Micro 3.0, iliyotengenezwa kwa wazamiaji wenye mitungi ya hewa, inafika mita 60.

Lumix hiyo ina sifa nyingine ninayoithamini kuliko mita zake 31: ina kidirisha cha kuchungulia kwa jicho, kitu adimu sana katika kundi hili. Ukiwa kwenye boti saa sita mchana, jua limewaka utosini na kioo cha nyuma hakionyeshi chochote ila uso wako, kidirisha hicho kinakuokoa. Majini hakikusaidii, maana miwani ya kuzamia inakuzuia kulisogeza jicho.

Je, simu? Hapa nasema bila kuzunguka. Apple inaeleza kwamba iPhone kuanzia namba 12 zimepimwa kwa mita 6 kwa dakika 30, na papo hapo inashauri mtu asiogelee nazo, na dhamana yake haigusi uharibifu wa maji. Samsung inataja mita 1.5 za maji baridi, tena inaonya juu ya ufukwe na bwawa la kuogelea. Vipimo hufanywa kwenye maji yaliyotulia, yasiyo na chumvi, kwa simu mpya. Bahari ya chumvi yenye mawimbi na simu iliyokwisha kuanguka mara kadhaa ni mtihani mwingine kabisa. Mkoba wa plastiki wa kuvaa shingoni ni kinga nzuri dhidi ya mvua na rasharasha za botini. Kuushusha mwambani na simu yenye namba zako zote na fedha zako zote ndani yake ni kucheza kamari.

Inayoona kwa karibu zaidi

Hii ndiyo rekodi ninayoiweka juu ya zote kwa mtu wa snokeli.

Maji humeza rangi. Nyekundu ndiyo inayotangulia kupotea. Kufikia kina cha mita tano nyingi yake imekwisha, kisha zinafuata rangi ya machungwa na njano. Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba mwanga husafiri mara mbili: kutoka usoni mwa maji hadi kwa samaki, halafu kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi. Samaki aliye kina cha mita tatu, nawe uko mita tatu kutoka kwake, mwanga wake umekata mita sita za maji. Ndiyo maana picha nyingi za likizo hutoka za kibuluu zote, samaki akawa doa la kijivu. Tena macho yanadanganya. Ndani ya miwani ya kuzamia, kitu kilicho mita nne huonekana kiko mita tatu, basi mpigaji anadhani amekwisha kufika na bado yuko mbali.

Dawa ni kusogea, na kamera zinazokubali kusogezwa kuliko nyingine ndogo ni zile za ukoo wa Tough, zilizoanza kwa jina la Olympus na sasa zinauzwa kama OM System. TG-7 ya mwaka 2023 ina mpangilio wa hadubini unaoona vizuri hata kitu kikiwa sentimita 1 tu kutoka kwenye lenzi. Ukikaa juu ya tumbawe kubwa la mviringo kwenye maji ya kiunoni, utaona vinyoo vidogo vyenye vishungi viwili vya mzunguko, kimoja cha buluu, jirani yake cha njano, jirani yake cheupe. Kivuli chako kikiwagusa wanajivuta ndani ya tumbawe kwa nukta moja. Subiri bila kutikisika na vishungi vinaanza kutoka tena, taratibu, unyoya mmoja mmoja. Kwa kamera ya kawaida hivyo ni vidoa. Kwa kamera inayoona sentimita moja, kila unyoya una mstari wake.

Kamera hiyo ina pikseli milioni 12 tu, wakati Lumix niliyoitaja ina milioni 20, na wauzaji wengi watakuelekeza kwenye namba kubwa. Mimi ningeangalia tundu la lenzi. TG-7 inafunguka hadi f/2.0, Lumix inaanzia f/3.3, kwa hesabu, ya kwanza inapitisha mwanga zaidi ya mara mbili na nusu. Kwenye maji yenye giza kidogo, au wingu likipita juu ya Kisite, tofauti hiyo inaamua kama samaki atatulia kwenye picha au ataacha mkia wa ukungu. Kina chake ni mita 15, nacho kinamtosha mtu wa snokeli na kubaki.

Kuna sharti moja. Kusogea karibu kunadai kuelea vizuri, maana pigo moja la pezi la mpira la miguuni linaweza kuvunja tumbawe lililokua kwa miaka. Chumbe, hifadhi iliyotengwa mwaka 1994, wageni hawaruhusiwi kuzamia na mitungi; ni snokeli tu, na askari wa hifadhi huogelea pamoja nao. Asiyeweza bado kuelea bila kukanyaga na akae kwanza siku moja bila kamera.

Nyepesi zaidi, na samaki mkubwa zaidi

Insta360 GO 3S ya mwaka 2024 ina uzito wa gramu 39 na inastahimili mita 10. Ni kijitu cha kubana kwenye mkanda wa miwani, mikono yote miwili ikabaki huru kuogelea. Kabla ya kununua jua hili: kifaa chake chenye kioo cha kutazamia hakizamishwi, ni kichwa cha kamera pekee kinachoingia majini. GoPro Hero ndogo ya mwaka huo huo ina gramu 86, kioo chake mgongoni, na mita 5. Miongoni mwa kamera hizi za mwendo, DJI Osmo Action 5 Pro ndiyo inayokwenda chini sana bila kasha, mita 20.

Zinafaa mahali ambapo TG-7 inashindwa, na mfano wa karibu ni Mafia. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hujikusanya karibu na Kilindoni wakifuata vijidudu na vijikamba wanaoelea juu. Maji yenye chakula hicho yana ukungu, potwe ana mita kadhaa, na anapita bila kukungoja. Ukirudi nyuma ili umpate mzima, ukungu unamfuta. Kinachotakiwa ni lenzi pana mno inayommeza yote ukiwa ubavuni kwake, na kamera za mwendo ndizo zenye lenzi hiyo. Piga video, ukitaka picha utaichukua humo baadaye. Flashi izimwe kabisa: inamsumbua mnyama, na kila kijidudu kilicho mbele ya lenzi kitamulikwa kikawa doa jeupe.

Ghali zaidi na rahisi zaidi

Leica X-U ya mwaka 2016 ilitoka kwa karibu dola 3,000 za Marekani, ikizuia maji hadi mita 15 na ikiwa na kihisi kikubwa kuliko cha kamera zote nilizozitaja. Picha zake ni nzuri sana. Haina zumu, na kwa fedha hiyo familia nzima inakwenda Mafia. Upande wa pili kuna kamera ya filamu ya kutumia mara moja: Kodak ina yake yenye ganda la plastiki, picha 27, mita 15. Kwa mtoto inafaa sana, jua likiwa kali na samaki wakiwa karibu, mradi ujue ni nani atakayekusafishia filamu.

Isiyo na mlango

SeaLife Micro haifunguki kabisa. Betri na kumbukumbu zimefungiwa ndani, chaji huingia kwa nje, hivyo hakuna mahali pa kuvujia. Nyingi za nyingine zina mlango, na mlango una mpira mwembamba wa kuziba maji. Hapo ndipo kamera hufa. Uinamishe mlango kwenye mwanga wa pembeni, utazame mpira mzunguko mzima: punje moja ya mchanga, au unywele mmoja uliolala juu yake kutoka ndani kwenda nje, ni mfereji tosha. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Fanya hivyo chumbani usiku wa kuamkia safari, kwenye hewa kavu ya kiyoyozi kama ipo, kwa sababu hewa ya pwani unayoifungia ndani itageuka ukungu kwenye kioo kamera ikigusa maji ya baridi. Betri na kadi mpya zikae ndani kabla hujapanda boti, usije ukafungua mlango na mikono inayochuruzika chumvi. Ukitoka majini, kamera iloweke kwenye maji ya bomba kama dakika kumi ikiwa imefungwa, uvibonyeze vitufe vyote chumvi itoke, ikauke kivulini.

Iliyokaa baharini muda mrefu

Minolta Weathermatic ya mwaka 1980, ya rangi ya njano, ilikuwa inaelea. Nyingi za leo huzama kama jiwe, kwa hiyo kipini chenye boya au kamba ya mkononi yenye boya si pambo.

Mwaka 2007 mwanamke wa Marekani alipoteza Canon ndogo, ikiwa ndani ya kasha lake, akizamia Maui, Hawaii. Mwaka 2013 iliokotwa ufukweni Taiwan, upande wa pili wa Pasifiki, na kadi yake bado inasomeka. Mwaka 2018, Taiwan hiyo hiyo, wanafunzi wa shule ya msingi waliokuwa wakisafisha ufukwe waliokota nyingine iliyofunikwa na magamba ya viumbe wa baharini. Ilikuwa imepotea Ishigaki, Japani, mwaka 2015, na betri ilikuwa na chaji. Mwalimu wao alisambaza picha zilizokuwemo kwenye Facebook, mwenyewe akapatikana upesi. Wenye kamera wote wawili walitambuliwa kwa picha zao tu, ikabidi wageni wakisie sura na mahali. Andika namba yako ya simu kwenye karatasi kwa herufi kubwa, uipige picha iwe ya kwanza kwenye kadi, na usiifute.