Sura ya 5: Zamu ya Ugeni

Ndoa ya watu wa nchi mbili huwa na mgeni mmoja kila wakati, ila mgeni huyo hubadilika. Mtanzania anayeishi Hamburg na mke Mjerumani ndiye anayepanga foleni kwenye ofisi ya wageni, ndiye anayesomewa barua za serikali na mkewe, ndiye anayechekwa matamshi. Siku wanaposhuka na mabegi yao Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, zamu inageuka. Mume anapita na pasipoti ya kwao, huku mke amesimama dirisha la viza. Kufika jioni, hata nauli ya bajaji lazima amwachie mume aipatane.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haijafika Uhamiaji. Kenya na Tanzania, mwenzi wa raia aliyerudi nyumbani mara nyingi huanza na pasi ya mtegemezi, na pasi hiyo peke yake haimruhusu kufanya kazi. Jembe linataka kibali chake. Muuguzi aliyekuwa akilipa nusu ya kodi ya nyumba ughaibuni anajikuta anaomba hela ya sokoni. Jina la pasi yenyewe linamweleza alivyo, na wanandoa wengi hawakulizungumzia jambo hilo walipokuwa wakipanga kurudi. Walizungumzia shule za watoto na bei ya kontena.

Hofu yao kubwa kwa kawaida huwa ndugu: mama mkwe atasema nini, mawifi watampokeaje. Kisa mashuhuri kuliko vyote vya aina hii barani Afrika kinaonyesha kwamba ndugu si lazima wawe kikwazo kikubwa.

Seretse Khama, mrithi wa utawala wa Wabangwato katika nchi ambayo leo ni Botswana, alikuwa akisomea sheria London alipomwoa Ruth Williams, karani Mwingereza, Septemba 1948. Nyumbani Serowe, baba yake mdogo Tshekedi, aliyekuwa akishika madaraka kwa niaba yake, aliikataa ndoa hiyo. Mkuu hachagui mke peke yake, alishikilia. Suala likapelekwa kwenye kgotla, baraza la wazi la wanaume, likajadiliwa kwa vikao kadhaa. Kikao cha kwanza kilimwendea vibaya Seretse. Lakini Juni 1949, mbele ya maelfu ya watu, alipouliza ni nani wanaomkubali yeye pamoja na mkewe, umati ukasimama upande wake. Miezi michache baadaye Ruth akawasili.

Waliofunga mlango walikuwa London, kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa chini ya Uingereza. Afrika Kusini, iliyokuwa imepiga marufuku ndoa za wazungu na wasio wazungu mwaka huohuo wa 1949, haikutaka kuona mfano wa namna hiyo mpakani mwake, na Uingereza ilihitaji dhahabu na urani ya jirani huyo. Seretse akaitwa Uingereza mwaka 1950, kisha akazuiwa kurudi. Aliruhusiwa mwaka 1956 tu, baada ya kukana cheo cha ukoo wake. Miaka kumi baadaye akawa rais wa kwanza wa Botswana huru. Alifariki 1980. Ruth hakurudi kwao, akabaki Botswana hadi alipokufa mwaka 2002.

Ingekuwa hadithi nzuri ya kumalizia, kama nchi hiyohiyo isingewageuka binti zake. Sheria ya uraia ya Botswana ya 1984 ilisema mtoto wa ndoa hufuata uraia wa baba. Unity Dow, mwanasheria Mmotswana, alikuwa ameolewa na Mmarekani. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya ndoa, alikuwa raia. Wawili waliozaliwa ndani ya ndoa hawakuwa raia, na kuishi kwao katika nchi ya mama yao kulitegemea kibali cha ukaazi cha baba. Yaani cheti cha ndoa kiliwapunguzia haki! Dow alikwenda mahakamani akashinda, na Mahakama ya Rufaa ikathibitisha ushindi huo mwaka 1992. Sheria ikarekebishwa, na mwaka 1998 yeye mwenyewe akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo.

Afrika Mashariki inaijua tofauti hiyo kati ya mwana na binti. Katiba ya zamani ya Kenya ilimpa mke wa kigeni wa Mkenya njia ya kusajiliwa kuwa raia. Mume wa kigeni wa binti Mkenya hakuwa na njia hiyo. Katiba ya 2010 iliifuta tofauti hiyo: mke au mume, aliyeoana na raia kwa miaka saba anaweza kuomba. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 ilimtaja mwanamke aliyeolewa na raia. Mwanamume aliyeoa Mtanzania aliachwa apite njia ndefu ya wageni wote. Zaidi ya hapo, anayechukua uraia wa Tanzania hutakiwa kuukana wa kwao. Kisha kuna ardhi. Kenya humpa asiye raia umiliki wa kukodi usiozidi miaka 99, na Tanzania humgawia ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa kwa akiba ya watu wawili mara nyingi husimama kwenye kiwanja chenye jina moja. Ni busara kumwona wakili kabla ya kumwona fundi.

Karatasi zikishakaa sawa, hubaki kazi ya kuwa mwenyeji, ambayo hakuna ofisi inayoisimamia. Peggy Cripps, binti wa aliyekuwa waziri wa fedha wa Uingereza, aliolewa na Joe Appiah mwaka 1953, kisha akahamia naye kwao, nchi ambayo leo ni Ghana. Mume alipotiwa kizuizini na serikali ya Rais Nkrumah mwaka 1961, Peggy alibaki Kumasi na watoto. Alijifunza lugha ya wenyeji, akakusanya vipimo vya uzito wa dhahabu vya Waasante, na kwa miaka mingi akawa anaandika methali alizozisikia, hadi zikapita 7,000 na kutoka kitabu. Joe alifariki 1990. Peggy aliendelea kuishi Kumasi, na huko ndiko alikofia mwaka 2006.