Maji Yanayopanda na Maji Yanayoshuka: Maisha Katika Mitaa ya Mlimani

Maelfu ya wakazi wa Jiji la Mwanza na wa Manispaa ya Ilemela huishi mahali ambapo gari halifiki. Njia ya kwenda nyumbani huanza barabarani, hupenya kati ya kuta mbili, hugeuka kuwa ngazi za mawe, kisha huzunguka jabali ambalo halina mwenyewe na ambalo juu yake jirani ameanika nguo. Saruji hupandishwa kwa kichwa au kwa bega, na kitanda pia, na gunia la mkaa, na hata mgonjwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa pamoja. Ardhi tambarare kati ya vilima na ziwa haikuweza kuwatosha watu wote hao.

Asiyeishi huko huuliza kwa nini mtu achague kujenga juu ya mawe. Jibu si gumu. Kutoka Mabatini au Igogo mtu hushuka kwa miguu hadi sokoni, kazini, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando au mjini kati bila kulipa nauli, na akirejea jioni hulipia safari hiyo kwa jasho tu. Chumba cha kupanga hupatikana kwa bei ambayo kibarua aimudu. Upepo wa ziwa hupunguza joto na mbu. Ujirani nao ni wa karibu mno, kwani kuta zimekaribiana kiasi kwamba mtoto akilia usiku nyumba tatu huamka. Makala haya yanaeleza jambo moja ambalo huamua kama maisha hayo yatakuwa ya afya au ya mashaka, nalo ni namna maji yanavyopanda mlimani na namna yanavyoshuka baada ya kutumika.

Tuanze na yanayopanda. Majisafi ya Mwanza hutoka ziwani, kwenye chanzo cha Capri Point, na katika miaka ya karibuni pia kwenye chanzo kipya cha Butimba kilichojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Ziwa liko chini na nyumba ziko juu, hivyo kila tone lazima lisukumwe kwa pampu za umeme. Kanuni ya kimaumbile haina huruma: kila mita 10 za kupanda hudai kizio kimoja cha msukumo, yaani baa moja. Nyumba iliyo mita 100 juu ya pampu huhitaji takriban baa 10 ili maji yaifikie tu, kabla hayajatoka bombani kwa nguvu yoyote. Msukumo huo ukiachwa katika bomba moja lisilogawanywa, mabomba ya nyumba za bondeni yatapasuka. Ndiyo sababu mtandao hugawanywa katika kanda za mwinuko, na matenki hujengwa vilimani ili maji yapumzike humo kabla ya kuteremkia nyumba zilizo chini yake.

Kwa hiyo mkazi wa juu anaposema kwamba maji kwake hutoka usiku pekee, hasemi uongo, wala si lazima pawepo mtu aliyemfungia. Mchana, watu wa chini wakifungua mabomba yao, msukumo hushuka na maji hayafiki kileleni; usiku wa manane matumizi hupungua, na maji hupanda. Umeme ukikatika, wa juu hukosa kwanza na hupata mwisho. Ndiyo maana pipa na madumu ni samani ya lazima katika kila nyumba ya mlimani. Asiye na bomba hununua kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na anayeipandisha, mara nyingi, ni mama au binti.

Yanayoshuka ndiyo yenye mgogoro mkubwa zaidi. Choo cha shimo huhitaji udongo: shimo refu, ardhi inayofyonza maji, na nafasi ya kuchimba jingine la kwanza likijaa. Mlima wetu ni mwamba wa itale. Mwenye nyumba huchimba mita moja akakuta jiwe, naye hulazimika kuinua choo juu kwa matofali badala ya kukizamisha chini. Choo cha namna hiyo hujaa haraka. Gari la kunyonya majitaka halifiki, kwa maana mpira wake haufiki hata nusu ya njia. Hapo ndipo lilipozaliwa lile tendo ambalo kila mkazi analijua, ingawa wachache hulizungumza mbele ya wageni: kutapisha choo. Mvua kubwa inaponyesha, tofali moja huondolewa ubavuni, na uchafu huachwa uende na mafuriko.

Uendako hapana siri. Hupita mlangoni kwa jirani wa chini, huingia mtaroni, kisha katika Mto Mirongo unaokatiza Mabatini na mjini kati hadi ziwani. Na ziwa hilo ndilo tunalochota. Mitambo husafisha na kutibu maji kabla ya kuyasukuma, lakini watoto wanaoogelea ufukweni, wachuuzi wanaosuuza mboga na wavuvi wanaochota maji wakiwa mtumbwini hawana mtambo kati yao na Mirongo. Kipindupindu kilipozuka nchini mwaka 2015, Mwanza haikusalimika.

Dawa iliyoletwa vilimani huitwa mfumo rahisi wa uondoaji majitaka. Asili yake ni Brazili, katika mji wa Natal, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi walikabili makazi yaliyosongamana ambayo bomba kubwa la barabarani halikuweza kuyafikia. Wakaamua kufuata njia walizopita watu. Bomba jembamba la takriban milimita 100 hupitishwa uani na vichochoroni, kwa kina kifupi kwa kuwa hakuna lori litakaloligandamiza, na kila nyumba kadhaa huwekewa chemba ya kukagulia na kuzibulia. Pasipochimbika, bomba hupita juu ya mwamba likakingwa kwa zege. Mteremko, ambao ni adui wa majisafi, hapa hugeuka rafiki, maana uchafu huteremka wenyewe bila pampu. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza, MWAUWASA, ilijenga mifumo ya aina hii katika maeneo ya mlimani yakiwamo Igogo, Mabatini na Kilimahewa, kupitia mradi wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria uliogharimiwa pamoja na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Majitaka huungana na bomba kuu na kupelekwa kwenye mabwawa ya kutibia yaliyoko Ilemela.

Mfumo huo ni rahisi kwa ujenzi; kwa matumizi una masharti, na masharti yenyewe ni ya ujirani kuliko ya ufundi. Bomba la milimita 100 halisamehi. Mchanga wa kusugulia sufuria, mabaki ya ugali, nguo kuukuu, nepi na taulo za kike huliziba. Anayeziba mara nyingi siye anayeumia. Nyumba ya juu ikitupa kitambaa, kitambaa husafiri hadi kwenye kona ya chini na kukwama hapo. Majitaka ya mlima mzima hujaa nyuma yake, yakafumuka katika chemba ya mtu ambaye hakutupa chochote. Mwenye chemba hugombana na jirani wa pembeni yake, naye pia hana hatia. Viongozi wa mitaa wameyasikia mashauri ya namna hii, na mara nyingi mkosaji halisi yuko nyumba kumi juu, anakunywa chai.

Kosa jingine hufanywa kwa nia njema. Mtu huelekeza maji ya mvua kutoka paani hadi kwenye chemba ili uwanja wake usifanye tope. Bomba halikupimwa kwa ajili ya mvua. Dhoruba moja hulijaza na kuyarudisha majitaka vyooni. Maji ya mvua yaende mtaroni, au bora zaidi yakingwe pipani. Vilevile chemba isifunikwe kwa sakafu ya chumba kipya. Mlimani kila kipande cha ardhi kina thamani na kishawishi ni kikubwa, lakini siku ya kuzibua, sakafu hiyo ndiyo itakayovunjwa.

Limebaki suala la wapangaji, nalo halijatulia. Nyumba nyingi za mlimani zina vyumba vitano hadi kumi, na mwenye nyumba huenda anaishi kwingine. Kuunganisha choo kwenye mfumo ni gharama ya mwenye nyumba, ilhali anayepata nafuu kila siku ni mpangaji. Mpangaji naye huhofu kwamba choo kikiwa kizuri kodi itapanda. Hivyo bomba hupita mita tatu kutoka kwenye choo, na choo huendelea kutapishwa. Rai yetu kwa wapangaji ni kulipeleka jambo hilo wakiwa pamoja, kwanza kwa mwenye nyumba, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa ikishindikana, na Afisa Afya wa kata ajulishwe. Kutiririsha kinyesi ni kosa kisheria, na mmiliki wa nyumba hawezi kujitetea kwa kusema haishi hapo.

Mwenye kutaka kuunganishwa aanzie ofisi ya mtaa wake, ili aoneshwe chemba iliyo karibu naye na nyumba ambazo bomba lake litazipitia. Aende na jirani wa chini. Ridhaa ya huyo ndiyo itakayohitajika kwanza.