Babu Alikwenda Vitani

Aghalabu ya jamaa zetu wenye mzee aliyepata kuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, hawana la kumweleza zaidi ya kwamba alikwenda vitani. Na neno hilo, ijapokuwa ni la kweli, halimtoshi mjukuu atakaye kujua vilikuwa vita gani na chini ya bendera ya nani, wala halimtoshi mtunza daftari za jeshi, ambaye hamtafuti mtu kwa sifa zake bali kwa namba, kikosi na mwaka. Kwa hiyo kila anayetaka kuifuata njia ya babu yake namsihi aanze kwa wazee walio hai, kabla hajabisha hodi katika nyumba yoyote ya kumbukumbu, na ayaandike maneno yao pamoja na sanadi yake: nani kasema, na yeye alisikia kwa nani.

Wasiulizwe tarehe, ambazo ni wachache wanaozishika. Waulizwe babu alipigana na nani, alisafiri kwa treni au kwa marikebu, na aliporudi ni mtoto gani aliyekuwa amekwisha kuzaliwa. Akitajwa Mjerumani, basi ni vita vilivyoanza 1914, ambavyo katika nchi zetu havikwisha mpaka jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, na hapo yafaa kuuliza pia babu alikuwa upande upi, kwa kuwa askari weusi walikuwako pande zote mbili. Akitajwa Mwitaliano na Uhabeshi, ni 1940 na 1941. Ikitajwa Burma, yumkini ni 1944, mwaka ambao Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, katika matope na homa, hata ikaufikia mto Chindwin.

Kisha lifunguliwe sanduku. Nishani ya fedha ya vita vya kwanza, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili, isisuguliwe kwa majivu ili ing'ae, maana hazina yake haiko usoni bali ukingoni: ukiishika ubavu dirishani utaona herufi ndogo zilizochapwa, namba ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake, na namba hiyo ina nguvu kuliko jina, kwa kuwa akina Juma walikuwa wengi na makarani waliandika majina kama masikio yao yalivyoyapokea. Nishani za nyota za vita vya pili Waingereza walizitoa bila jina. Nyota ya Burma, yenye utepe wa buluu na mstari mwekundu katikati, itakuambia mwenyewe alifika wapi, isikuambie ni nani.

Na kufika kwenyewe kuna mashaka yake. Mtu aliyepakiwa Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944, asirudi, huenda hakuiona Burma abadani, hata kama ukoo wake wote umeamini kwamba ndiko alikofia. Marikebu Khedive Ismail, ikiwa katika msafara kwenda Colombo na imechukua kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wa kike, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi tarehe 12 mwezi huo, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi, na watu zaidi ya 1,200 wakaangamia. Majina ya wengi wa askari wale wa mizinga yameandikwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, njia ya Ngong. Ilhali waliofia Burma wasijulikane walipozikwa wamo katika ukumbusho wa Taukkyan, karibu na Rangoon, wenye majina yapata 27,000.

Walakini huzuni yangu kubwa ni kwa wapagazi. Askari alikabidhiwa bunduki ya serikali, na mwenye bunduki ya serikali hakosi kuandikwa. Bali aliyebebeshwa unga na risasi, hasa katika msako wa wapagazi wa 1917 uliosimamiwa na ofisa wa serikali ya kikoloni, John Ainsworth, katika Kenya, alitolewa na chifu kwa idadi, akafa kwa kuhara na njaa, akafukiwa njiani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mjukuu wa mpagazi akienda Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa Nairobi, akafunua taarifa za wilaya za miaka ile, anaweza kupata habari za chifu na hesabu ya watu waliotolewa. Jina la babu atalileta yeye mwenyewe. Nami nashikilia kwamba jina hilo, likishuhudiwa na wazee wa nyumba mbalimbali ambao riwaya zao zinaafikiana wao kwa wao na zinaafikiana na taarifa ya wilaya, ni haki lipokewe na kuandikwa, wala si insafu kumdai jamaa yake hati ambayo dola yenyewe haikuiandika.