Vimeng'enya: Watumishi Wadogo wa Mwili



Mara nyingi katika kurasa hizi twazungumza habari za mikarafuu. Leo twapenda kuwaeleza habari za mwili wa mchumaji mwenyewe, kwani humo mna watumishi wadogo ambao bila ya wao hapana anayeishi. Watumishi hao ni vimeng'enya.

Tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha, usikimeze upesi. Punde utaona utamu. Muhogo haukutiwa sukari. Kimeng'enya kilichomo katika mate kimeanza kuugeuza wanga kuwa sukari. Wanga huo ungeachwa katika maji matupu, ungekaa muda mrefu mno bila ya kugeuka.

Vipi chaharakisha kazi? Mfikirieni mchukuzi mwenye gunia la karafuu, na mbele yake pana kilima kirefu. Kimeng'enya hakimpi mchukuzi nguvu, wala hakimpunguzii mzigo. Humwonyesha njia ya bondeni, akafika upande wa pili kwa nguvu chache. Kisha chenyewe hubaki kama kilivyokuwa, kikamwongoza mwengine. Katika chembe nyekundu za damu kimo kimoja ambacho huigeuza hewa ya kaboni ipate kuchukuliwa na damu hadi mapafuni. Hicho chaweza kuifanya kazi hiyo kiasi cha mara milioni 1 kwa sekunde moja.

Kila kimeng'enya kina kazi yake, kama ufunguo na kufuli lake. Tena moto hukiharibu. Papai bichi hulainisha nyama, lakini likichemshwa kwanza halilainishi tena.

Sasa yafaa tuulize: mtumishi mmoja akipungua, huwaje? Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Madaktari hukiita G6PD. Upungufu huo ulijulikana mwaka 1956 huko Marekani, wataalamu walipochunguza kwa nini dawa ya malaria iitwayo primakwini iliwadhuru baadhi ya watu na wengine isiwadhuru. Ni jambo la kurithi, huwapata zaidi wanaume, nalo limeenea katika nchi zilizokaa na malaria karne nyingi, pwani yetu ikiwa miongoni mwao.

Mwenye upungufu huu aghalabu huwa mzima, wala hajijui. Lakini akimeza dawa isiyomfaa, chembe zake za damu huvunjika kwa wingi: macho huwa manjano, mkojo huwa mweusi kama kahawa, na pumzi humpungua. Hapo hapana kungoja kesho. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa hivyo twawanasihi mambo matatu. Kwanza, mchumaji akipatwa na homa, asipewe vidonge alivyobakisha mwenzake; dawa iliyomponya huyu yaweza kumdhuru yule. Pili, nguo za mtoto mchanga zisiwekwe pamoja na nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu sandukuni, kwani navyo huzivunja chembe za damu za mwenye upungufu huu. Tatu, ambaye katika jamaa zake yuko aliyepatwa na dalili hizo baada ya kumeza dawa, amweleze daktari kabla ya kutibiwa. Upungufu huu hujulikana kwa kupimwa damu.

Mkarafuu ukikatika tawi hupata jengine. Mchumaji hana badali.

Katibu wa Chama